Nyumba ya bakteria ambayo dawa peke yake haiibomoi

KABLA hujaendelea kusoma, msomaji, pitisha ulimi wako juu ya meno ya chini ya mbele, kwa upande wa ndani, pale karibu na ufizi. Ikiwa ulipiga mswaki vizuri leo asubuhi, utahisi jino laini kama sahani iliyotoka kuoshwa. Lakini ikiwa ulitoka nyumbani mbio kuwahi matatu, ulimi utakutana na kitu kingine, chenye utelezi na kukwaruza kwa pamoja, kama uji uliogandia sufuria. Huo ndio ukoga.

Wengi wetu tulifundishwa utotoni kwamba ukoga ni mabaki ya chakula. Mabaki yamo, lakini ni kidogo sana. Sehemu kubwa ya kile unachokigusa kwa ulimi ni bakteria walio hai, kwa mamilioni, waliojishikiza kwenye jino, wakatoa ute wa kunata na kujifunika nao. Wataalamu huuita mjengo huo utando wa bakteria. Mjengo wa namna hiyo hiyo unaweza kuota ndani ya mpira wa mkojo, juu ya kidonda cha mgonjwa wa kisukari, kwenye jiwe la nyongo na hata ndani ya mtungi wa maji ulio jikoni mwako. Na pale unapoota, ugonjwa huwa na tabia ya kurudi.

Nilianza kuifuatilia habari hii kwa sababu ya mzee mmoja jirani yetu. Mzee huyu, ambaye amepita umri wa miaka 70, alizibwa mkojo na uvimbe wa tezi dume. Hospitalini aliwekwa mpira wa kupitishia mkojo akisubiri upasuaji. Tarehe ya upasuaji ikaahirishwa, kisha ikaahirishwa tena. Katika kusubiri huko akaanza kupatwa na homa. Anatetemeka chini ya mablanketi mawili, anasema maneno yasiyoeleweka, na mkojo ulio mfukoni umekuwa mzito kama maji ya mchele. Anapimwa, anapewa antibiotiki, anapata nafuu baada ya siku mbili tatu. Dawa zinakwisha. Hazipiti wiki mbili, homa hiyo imerudi!

Binti yake, ambaye ndiye anayemuuguza, alinijia jioni moja na bahasha ya karatasi za maabara. Yeye ni mwalimu, na si mtu wa kuridhika na jibu la nusu.

“Kaka, hebu soma hapa,” akaniambia. “Maabara imeandika kwamba dawa hii inawaua wadudu hawa. Mara tatu imeandika hivyo. Baba amekunywa zote, sikuacha hata tembe moja. Sasa mbona hawafi?”

Sikuwa na la kumjibu. Jibu lenyewe ni refu kidogo, nalo linaanzia mbali, katika mji wa Delft nchini Uholanzi.

Mwuza vitambaa na siki yake

Mnamo mwaka wa 1683, mwuza vitambaa mmoja aliyeitwa Antonie van Leeuwenhoek aliiandikia barua Royal Society, chama cha wanasayansi cha London. Bwana huyu hakuwa daktari wala msomi wa chuo kikuu, ila alikuwa na kipaji cha kusaga vioo vidogo vya darubini kuliko mtu yeyote wa zama zake. Alieleza kwamba kila asubuhi husugua meno yake kwa chumvi na kuyachokonoa kwa kijiti, na bado hubaki kitu cheupe katikati ya meno. Alipokitazama kwa darubini aliona viumbe vidogo vikienda huku na huko. Akachukua uchafu wa meno ya mzee mmoja ambaye hakuwahi kuyasafisha maishani mwake. Humo viumbe walikuwa wengi ajabu.

Kisha akafanya jambo la maana zaidi, ingawa halitajwi sana. Alisukutua kwa siki kali, halafu akatazama tena uchafu wa meno yake. Viumbe walikuwa wangali hai. Lakini alipouchukua uchafu ule, akauvuruga kwenye maji na kuutia siki kidogo, walikufa papo hapo. Akakata kauli kwamba siki aliyosukutua iliwaua walio nje tu, haikupenya hadi ndani.

Angalia, msomaji. Siki ni ile ile, wadudu ni wale wale. Walipotawanywa walikufa, walipokuwa katika ukoga wao walipona. Swali la yule binti lilikuwa limekwisha kujibiwa zaidi ya miaka 300 iliyopita.

Kwa bahati mbaya, jibu hilo lilisahauliwa. Katika karne ya 19, Robert Koch wa Ujerumani na wenzake walijifunza kukuza bakteria wa aina moja peke yao, katika chupa ya supu au juu ya sahani ya maabara. Hiyo ilikuwa kazi kubwa, na ndiyo iliyomwezesha Koch kumtambulisha kiini cha kifua kikuu mwaka 1882. Lakini pia iliwazoesha wataalamu kumtazama bakteria kama mpita njia, anayeelea peke yake katika mchuzi, akiwa ameshiba. Vipimo vingi vya dawa hadi leo hufanywa juu ya bakteria wa namna hiyo.

Aliyewarudisha wataalamu kwenye ukoga ni mwanasayansi wa Kanada, William Costerton, aliyefariki mwaka 2012. Katika miaka ya 1970, yeye na wenzake walichunguza vijito vya maji safi ya milimani. Ukichota maji yenyewe, bakteria ni wachache. Ukikwaruza mawe ya kijito, wamejaa tele. Wewe mwenyewe, kama umewahi kuvuka mto ukiwa umevua viatu, unayajua mawe hayo yanavyoteleza. Mwaka 1978 walieleza katika jarida moja la sayansi la Marekani jinsi bakteria wanavyojishikiza. Mwaka 1982 wakachapisha picha za waya wa mashine ya kusaidia mapigo ya moyo, uliotolewa mwilini mwa mgonjwa ambaye bakteria walizidi kurudi katika damu yake licha ya kutibiwa. Waya huo ulikuwa umefunikwa na utando mnene wa bakteria. Wale wa kijitoni na wale wa hospitalini walikuwa wanafanya kazi moja.

Mji unavyojengwa

Hebu tutazame mjengo huu unavyoanza. Mahali popote penye unyevu panaweza kuwa kiwanja. Jino linapomaliza tu kusuguliwa, protini za mate hujipaka juu yake kwa dakika chache. Mpira ukiingizwa mwilini, protini za mkojo au za damu huupaka vivyo hivyo. Tabaka hilo jembamba ndilo bakteria wa kwanza hulishika.

Mwanzoni hawashiki sana. Bakteria mmoja ni mdogo mno, hata ukiwapanga elfu moja kwa mstari hawazidi milimita moja au mbili. Wengi hugusa wakaondoka. Wengine wana vinyweleo vya kushikia, nao hujibandika. Baada ya hapo hubadilika tabia kabisa. Waliokuwa na mikia ya kuogelea huacha kuitumia. Huanza kuzaana pale pale, na kutoa ute.

Ute huo ndio hasa siri ya mji. Umeundwa kwa sukari za aina aina zilizoungana kama nyuzi, kwa protini, na hata kwa DNA iliyomwagika kutoka katika chembe zilizopasuka. Katika tando nyingi, ukikausha maji yote na kupima kinachobaki, bakteria wenyewe hawafiki sehemu moja ya kumi ya uzito. Sehemu nyingine yote ni ujenzi. Mwaka 2002 wanasayansi walionyesha kwamba ukiweka kimeng'enya cha kukata DNA mapema, bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa, msumbufu mkubwa wa wadi za majeruhi wa moto, hushindwa kusimamisha utando wake. DNA ile ilikuwa kama vyuma katika saruji.

Tando za baadhi ya bakteria hawa huinuka kama minara, mingine ikiwa na kichwa kipana kama uyoga. Katikati ya minara hupita mifereji ya maji inayoleta chakula na kuondoa taka. Walio juu hupata hewa ya oksijeni na chakula kingi, huzaana upesi. Walio chini hukosa vyote viwili. Hao huzubaa, hupunguza kazi zote za mwili, wakawa kama waliolala. Wakumbuke hao waliolala, maana tutarudi kwao.

Je, wadudu wasio na ubongo wanajuaje kwamba wamekuwa wengi vya kutosha kufanya kazi ya pamoja? Kila mmoja hutoa kemikali kidogo. Akiwa peke yake, kemikali hiyo hupotelea majini. Wakisongamana, huzidi kuwa nyingi, na ikifika kiwango fulani wote hubadilika kwa wakati mmoja. Kwetu tungesema hawaanzi harambee mpaka wahesabiane kwanza. Jambo hili lilielezwa mwaka 1970 na Kenneth Nealson na Woodland Hastings wa Marekani kwa bakteria wa baharini ambao huwaka kama kimulimuli, lakini huwaka tu wanapokuwa umati. Baadaye, mwaka 1998, ikaonekana kwamba Pseudomonas hutumia mbinu kama hiyo katika kujenga utando. Asipoweza kuhesabu wenzake, hujenga utando dhaifu.

Mji ukishakomaa hutoa wahamiaji. Baadhi ya bakteria huota mikia tena, hubanduka na kwenda kutafuta kiwanja kingine. Ndipo mgonjwa anapoanza kutetemeka.

Meno: mfano ulio karibu nawe

Kinywani mji huu hujengwa kwa zamu. Wa kwanza kufika ni jamaa wa streptokoka. Juu yao hujibandika wengine, kisha wengine juu ya hao, hadi wafike wale wasiopenda hewa kabisa, ambao hupendelea kujificha chini ya ufizi na kuuozesha. Mmoja wa jamaa hao, Streptococcus mutans, hugeuza sukari ya kawaida kuwa gundi ya kujengea. Kwa hivyo ile chai ya vijiko vinne unayoipenda inampa vitu viwili: chakula cha kugeuza kuwa asidi inayotoboa jino, na saruji.

Mwaka 1965 huko Aarhus, Denmark, Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye ufizi mzuri waache kabisa kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21, ufizi wa wote ulikuwa umevimba. Walipoanza tena kupiga mswaki, ufizi ukapona. Hapakuwa na dawa yoyote katika tiba hiyo ila kusugua.

Ndiyo maana mswaki wa mti, ule unaotumiwa Pwani na kwa wafugaji wa kaskazini, hufanya kazi nzuri ukitumiwa kwa uangalifu. Unabomoa. Dawa ya kusukutua peke yake, hata ikiwa na harufu nzuri na bei kali, iko pale pale ilipokuwa siki ya Leeuwenhoek. Ukoga ukiachwa hadi ugeuke kuwa jiwe, mswaki hauuwezi tena. Hapo ni kazi ya daktari wa meno na vyombo vyake.

Kwa nini dawa hushindwa

Turudi kwa karatasi za maabara. Maabara ilichukua mkojo wa mzee, ikakuza bakteria waliokuwa wakielea humo, ikawajaribu kwa dawa. Wakafa. Maabara haikusema uongo. Wale waliopimwa walikuwa wapita njia. Waliobaki ndani ya mpira hawakuulizwa.

Bakteria akiwa ndani ya utando anaweza kuhimili dawa mara mia, na pengine mara elfu, ya kiasi kinachomuua akiwa anaelea. Sababu si moja. Ute wenyewe hunasa baadhi ya dawa na kuzichelewesha, ingawa dawa nyingine hupenya bila taabu. Kikwazo kikubwa zaidi ni wale waliolala. Antibiotiki nyingi humwua bakteria kwa kuivuruga kazi anayoifanya. Penisilini, kwa mfano, huharibu ujenzi wa ukuta wa chembe. Bakteria asiyejenga chochote, aliyetulia tuli chini ya mnara, ataharibiwa nini?

Daktari mmoja wa Dublin, Joseph Bigger, aliwaona wadudu hawa mwaka 1944, penisilini ikiwa ingali mpya. Baada ya kuwaua bakteria kwa dawa hiyo, kila mara walibaki wachache sana. Alipowakuza hao wachache, watoto wao walikufa kwa penisilini kama kawaida. Kwa hivyo hawakuwa sugu kwa uzao, walikuwa wamesubiri tu dawa ipite. Jambo hili ni tofauti na usugu ule unaotangazwa kila siku, ambapo bakteria amepata silaha ya kudumu dhidi ya dawa. Lakini mambo haya mawili ni ndugu. Katika msongamano wa utando, bakteria hupeana vipande vya DNA kwa urahisi, pamoja na vile vya usugu. Na anayekwenda kwenye duka la dawa kununua tembe nne za antibiotiki kwa sababu ndizo pesa alizo nazo, anawapa wakazi wa utando nafasi ya kuizoea dawa bila kubomolewa hata chumba kimoja.

Mpishi wa New York na jiwe la nyongo

Homa ya matumbo, au taifodi, inajulikana sana mijini mwetu. Wengi wanaotibiwa hupona kabisa. Lakini kati ya kila wagonjwa 100, mmoja hadi watano hivi hubaki na bakteria miaka na miaka bila kuumwa, wakimwaga vijidudu hivyo chooni. Aliyevuma kuliko wote ni Mary Mallon, mpishi mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi katika nyumba za matajiri wa New York. Alikamatwa mwaka 1907, akaachiliwa mwaka 1910, akakamatwa tena mwaka 1915 baada ya kurudia upishi, akawekwa kisiwani hadi alipofariki mwaka 1938. Madaktari walitaka kumtoa kifuko cha nyongo, naye akakataa. Ukweli ni kwamba hakuna aliyeweza kumweleza vizuri kwa nini yeye, mwanamke mwenye afya, alikuwa hatari.

Mwaka 2010 watafiti wa Marekani na Mexico walitoa maelezo yaliyokosekana. Walichunguza mawe ya nyongo yaliyotolewa kwa upasuaji katika jiji la Mexico. Kwenye mawe ya watu waliobeba kiini cha taifodi, walikuta utando wake. Jiwe la nyongo ni kiwanja kizuri. Liko ndani ya mwili, halina damu inayopita ndani yake, na dawa hulifikia kwa shida. Kwa mbebaji wa namna hii, tembe za wiki moja hazitoshi. Daktari anaweza kutoa dawa za wiki kadhaa, na pengine kuondoa kifuko cha nyongo pamoja na mawe yake.

Ndugu zetu wenye kisukari nao wanahusika sana hapa. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulipata utando katika asilimia 60 ya vidonda sugu vilivyopimwa, lakini katika asilimia 6 tu ya vidonda vipya. Ukimwona muuguzi anakwangua kidonda cha mguu kabla ya kukifunga, na mgonjwa analalamika kwamba anarudishwa nyuma, ujue anayebomolewa ni bakteria. Kumwaga unga wa vidonge vya antibiotiki juu ya kidonda, kama wafanyavyo baadhi yetu nyumbani, hakubomoi chochote.

Mtungi ulio jikoni

Sasa nenda jikoni, uingize kidole chako kwenye mdomo wa mtungi wa plastiki unaowekea maji ya kunywa, uzungushe kwa ndani. Ukihisi utelezi, umeukuta mji mwingine. Si kila mkazi wake ni wa kuleta maradhi. Wengi hawana neno. Lakini viini vya kuhara vikiingia, kwa mkono wa mtoto au kikombe kilichotoka sakafuni, vinaweza kupata hifadhi humo, na ute utakula klorini unayotia majini kabla haijawafikia. Maji yaliyotiwa dawa vizuri katika mtungi wenye utelezi huchafuka upya.

Kwa sababu mdomo wa mtungi ni mwembamba, mkono hauingii. Akina mama wengi wana mbinu nzuri: tia changarawe safi au mchanga wa kusuguana, maji ya sabuni, funga, tikisa kwa nguvu zako zote, mwaga, suuza. Baada ya hapo ndipo klorini iingie. Mpangilio huo usiugeuze. Fanya hivyo kila wiki. Mtungi uliokwisha kuota ukijani usiotoka, utumie kumwagilia sukumawiki.

Hata kiini cha kipindupindu, kilichotuletea mlipuko mwingine hapa Kenya kuanzia Oktoba 2022, kina ujuzi wa ujenzi huu. Majini hupenda kujibandika kwenye wadudu wadogo wanaoelea. Rita Colwell wa Marekani na wenzake walitumia tabia hiyo kumnasa. Katika vijiji 65 vya eneo la Matlab, Bangladesh, wanawake walifundishwa kuchuja maji kwa sari kuukuu ya pamba iliyokunjwa mara nne au zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kipindupindu kimepungua kwa asilimia 48. Leso kuukuu inaweza kufanya kazi kama hiyo, lakini asikudanganye mtu kwamba inatosha. Baada ya kuchuja, chemsha au tia klorini.

Mpira wa mzee

Kuhusu mpira wa mkojo, mambo ni haya. Kila siku unapokaa mwilini, bakteria huzidi kupata nafasi ya kuingia, na ukikaa mwezi mzima karibu kila mgonjwa huwa nao. Kwa hivyo kuwa na bakteria mkojoni bila homa wala maumivu kwa kawaida si sababu ya kumeza antibiotiki. Yuko pia bakteria aitwaye Proteus mirabilis, ambaye huivunja urea ya mkojo na kuufanya mkojo kuwa kama maji ya magadi. Chumvi hapo huganda, na utando wake huwa mgumu kama gome la birika linalochemshia maji ya kisima, hadi mpira unaziba.

Homa ikija, na mpira umekaa zaidi ya wiki mbili, mwulize daktari au muuguzi kama utabadilishwa kabla ya dawa kuanza, na kama mkojo wa kupima utachukuliwa kutoka katika mpira mpya. Uliza pia kila mara kama mpira bado unahitajika. Usiuvute mwenyewe hata kidogo. Ndani ya kibofu kuna kipira kilichojazwa maji kinachoushikilia, nawe utamjeruhi mgonjwa. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu, usilazwe sakafuni, na mikono inawiwe kwa sabuni kabla na baada ya kuumwaga.

Watafiti wanatafuta njia nyingine. Wapo wanaojaribu virusi wanaokula bakteria, na wapo wanaobuni mipira isiyoshikika. Mipira iliyopakwa madini ya fedha ilisifiwa sana, lakini jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2012 halikuiona ikifaa kitu kwa wanaoivaa siku chache. Kwa sasa tiba inayoaminika ni ile ya zamani, yaani kukiondoa kitu ambacho utando umejengwa juu yake.

Yule mzee alipelekwa kliniki nyingine wakati wa homa ya nne. Muuguzi aliyempokea hakuanza na dawa. Aliinama akautazama mpira.

“Mzee, huu uliwekwa lini?”

“Kabla ya Krismasi, sista.”

Ilikuwa mwezi wa Machi. Uliondolewa siku ile ile, ukawekwa mwingine, na antibiotiki zikafuata, dawa ile ile iliyoandikwa kwenye karatasi zote tatu. Binti aliomba aonyeshwa mpira uliotolewa. Muuguzi aliukata kwa makasi juu ya karai. Ndani ulikuwa na ute wa rangi ya kahawia, na chembe ngumu kama mchanga, tundu limebaki jembamba kiasi cha njiti ya kiberiti.

Sasa kalenda ya ukutani kwao ina alama za kalamu nyekundu kwenye tarehe za kubadilisha mpira. Tangu siku ile mzee hajapatwa na homa. Tarehe ya upasuaji bado anaisubiri.